Umesimama, unauma, na umegoma kulala

Mwezi uliopita nilijibu swali moja fupi tu kuhusu vidonge vya nguvu, nikasema kwa kupita kwamba uume ukisimama zaidi ya masaa 4 mtu aende hospitali, basi, nikaendelea na mengine. Sikutegemea kilichofuata. Meseji zimekuja nyingi mno na karibu zote zinaanza na maneno yale yale, "dokta naomba usitaje jina langu". Sitaji jina la mtu jamani, tulieni. Ila nimeamua safu yote ya leo iwe ya jambo hili moja, kwa sababu nimesoma hizo meseji moja moja na kitu kinaniuma kweli, watu wanajikunja kitandani wakivumilia masaa yale yale ambayo sisi tungeyatumia kuokoa kiungo chao.

Shikamoo dokta. Mimi ni kijana wa miaka 29. Wiki 2 zilizopita nilimeza kidonge cha nguvu alichonipa rafiki yangu, nilikuwa nimeshakunywa pombe na nimevuta bangi kidogo. Tukamaliza mambo yetu na mwenzangu lakini jamaa hakulala, mwanzoni nikaona ni sifa. Ilipofika kama masaa 3 ikaanza kuuma, yaani kuuma mpaka shuka ikigusa tu nasikia. Nikaoga, nikatembea tembea chumbani, ikaja kushuka yenyewe karibu na alfajiri, jumla ni kama masaa 5. Saivi niko poa kabisa. Ile ilikuwa nini, na kuna haja ya kwenda hospitali wakati imeshapita?

Marahaba mdogo wangu. Ile ina jina, inaitwa prayapizimu, jina limetokana na Priapus, mungu wa Wagiriki wa kale aliyekuwa akichorwa na uume mkubwa uliosimama muda wote. Mi jina lenyewe silipendi sana kwa sababu linafanya watu wadhani ni ugonjwa wa mtu mwenye hamu nyingi, wakati hamu haihusiki hapo kabisa, unaweza kuwa unalia kwa maumivu, huna wazo lolote la mapenzi kichwani, na bado kitu kimesimama kama chuma.

Ngoja nikueleze kinachotokea ndani maana ukikielewa hiki mengine yote yanakuwa mepesi. Ndani ya uume kuna mirija 2 imelala sambamba kama mapacha, na ndani ya hiyo mirija hakuna uwazi, kuna nyama laini yenye vitundu vitundu kama sponji. Ukipata hamu, mishipa ya kuleta damu inafunguka, sponji inajaa, na ikishajaa inaibana ile mishipa midogo ya kutoa damu nje, kwa hiyo damu inabaki imefungiwa mle ndani. Hivo ndo uume unavyosimama kwa kila mwanaume mzima. Mambo yakiisha mishipa ya fahamu inatuma amri, nyama inajikaza, njia za kutokea zinafunguka, damu inarudi mwilini. Sasa kwenye prayapizimu ile amri ya kurudi haifanyi kazi, au damu yenyewe imekuwa nzito haipiti. Damu iliyofungiwa inaishiwa oksijeni, inakuwa nyeusi, inageuka kuwa na asidi, na nyama ya ile sponji inaanza kukosa pumzi. Yale maumivu uliyoyasikia ni ya nyama inayokosa hewa, ni ndugu wa yale maumivu ya kifua anayopata mtu mwenye shambulio la moyo. Ndo maana kuoga na kupaka paka vitu hakuyaondoi.

Dalili yake nyingine, shina ni gumu kabisa lakini kichwa cha uume ukikishika unakuta ni laini, kwa sababu kichwa hakimo kwenye ile mirija 2.

Madhara yanaanza kuingia kati ya masaa 4 na 6. Kuanzia hapo kila saa inayopita inaongeza uwezekano wa sponji kufa na kuacha kovu gumu badala ya nyama inayovutika, ikizidi siku nzima hali ni mbaya, na ukipita masaa 36 wengi sana jogoo hapandi mtungi tena. Wewe ulipita masaa 5 ukabahatika. Naomba usichukulie kwamba na safari nyingine itakuwa hivo hivo.

Kwenda hospitali nenda, ndiyo, hata kama imepita. Kwanza unatakiwa upime damu kamili, kwa sababu kuna magonjwa ya damu, ikiwemo sikoseli na saratani ya damu, ambayo mara nyingine yanajitokeza kwa mara ya kwanza kwa staili hii hii, mtu hajui anaumwa chochote mpaka usiku mmoja uume unagoma kulala. Pili ni hicho kidonge. Vidonge vya kawaida vya nguvu, vya aina ya sildenafili, vikitumika peke yake kwa dozi aliyoandika daktari ni nadra sana kuleta hili tatizo, lakini kidonge cha kupewa mkononi na rafiki hujui ndani kuna nini na kiasi gani, halafu ukakirushia juu ya pombe na bangi ambavyo vyote vipo kwenye orodha ya vitu vinavyochochea. Kokeni pia ipo kwenye hiyo orodha, naisema kwa faida ya wengine. Na wale wanaochomwa sindano moja kwa moja kwenye uume ili usimame, dawa kama papaverini au alprostadili, hao ndo wapo kwenye hatari kubwa zaidi ya wote wanaotumia dawa za nguvu, inatakiwa kabla hujachomwa hiyo sindano daktari awe ameshakwambia uende wapi isiposhuka. Kama hakukwambia, muulize.

Dokta mi kila nikiamka asubuhi nakuta imesimama, mara nyingine na usiku nikishtuka. Haiumi. Nina tatizo?

Huna. Mwanaume mzima husimamisha akiwa usingizini mara 3 hadi 5 kwa usiku, kila mara kama nusu saa hivi, na ile ya asubuhi ni ya mwisho tu inayokukuta umeamka. Ukikojoa na kuanza shughuli inaondoka. Ni dalili ya afya.

Dokta habari za kazi. Mimi ni mama, mwanangu wa kiume ana miaka 11 na ana sikoseli toka mdogo. Kwa miezi kama 4 sasa huwa anaamka saa kumi alfajiri analia, mwanzo alikuwa anasema mgongo, mguu, nikawa nampa dawa ya maumivu. Juzi nikamfunua shuka nikaona mwenyewe, uume umesimama na umekaza, anaona haya hata kuniangalia. Baada ya saa moja ikashuka. Baba yake anasema ni balehe, niache kumwaibisha mtoto. Mimi moyo unakataa.

Mama yangu, moyo wako uko sahihi, na naomba barua hii na baba yake aisome. Hii sio balehe. Kwa wenye sikoseli prayapizimu ni moja ya matatizo ya ugonjwa wenyewe, kama vile zile krisi za mifupa, yaani vile vipindi vya maumivu makali, ila hii inafichwa kwa sababu ya mahali ilipo. Wanaume wengi wenye sikoseli wanaipata wakati fulani wa maisha yao na wengi wao huanza wakiwa watoto wa umri huo huo wa mwanao au wakiwa vijana. Nimeshawauliza vijana wengi kliniki, mmoja mmoja, mlango umefungwa, na jibu linalonirudia ni kwamba ilianza zamani, hawakumwambia mtu, walidhani wamefanya kosa.

Sababu ni hii. Chembe nyekundu za mtu mwenye sikoseli zikikosa oksijeni zinajikunja kama mundu na kuwa ngumu, hazitelezi tena kwenye mishipa midogo. Sasa fikiria uume uliosimama, damu imetulia haitembei, oksijeni inapungua, chembe zinajikunja, zinaziba njia ya kutokea, damu inazidi kutulia, ndo mzunguko umeshafungwa. Na alfajiri ndo wakati wake kwa sababu mtoto kalala masaa mengi hajanywa maji, kibofu kimejaa, na kusimama kule kwa usingizini ambako nimekueleza ni kwa kila mwanaume kunamkuta katika hali hiyo.

Hii inayokuja na kushuka yenyewe, dakika kadhaa au saa moja mbili, tunaiita ya vipindi. Usiidharau mama. Mara nyingi hivi vipindi vidogo vinakuwa vinapiga hodi, baadaye kinakuja kimoja kikubwa kisichoshuka.

Cha kufanya nyumbani ikianza, mwamshe akakojoe mpaka kibofu kiishe, mpe maji mengi anywe, muogeshe maji ya uvuguvugu au akae kwenye beseni la maji hayo, atembee, apige hatua pale pale alipo au achuchumae na kusimama mara kadhaa, ile misuli mikubwa ya miguu ikifanya kazi inasaidia kuvuta damu. Dawa yake ya maumivu mpe. Barafu na maji baridi usiweke kabisa, baridi inaamsha krisi ya sikoseli. Na wakati unafanya hayo uwe unaangalia saa. Ikifika masaa 2 haijashuka mko njiani kwenda hospitali, usisubiri mpaka masaa 4, maana masaa 4 ndo muda ambao anatakiwa awe ameshashikwa na daktari. Foleni na usafiri vyote vinakula muda.

Halafu usingoje kikubwa kije, mpeleke kliniki yake ya sikoseli wiki hii na useme kilichotokea bila kuzunguka. Kuna dawa za kuzuia, haidroksiyurea ambayo pengine anaitumia tayari, na kama haitumii hii ni sababu nzuri ya kuizungumzia, na kuna nyingine ambazo daktari anachagua kwa umri, zile za kupunguza homoni za kiume hazimfai mtoto anayekua. Usiku anywe maji kabla ya kulala, akojoe kabla ya kulala, na mkiweza mwamsheni katikati ya usiku akojoe tena.

Kuhusu kumwaibisha. Mama, kaa naye mchana, sio alfajiri akiwa na maumivu, mwambie kwa maneno ya kawaida kwamba huu ni ule ule ugonjwa wake wa damu umeingia na huku, kwamba hajafanya kosa lolote, na kwamba ikianza akuamshe wewe au baba yake hapo hapo hata kama ni mara ya tatu kwa wiki. Kama anaona haya zaidi kwa mama basi baba achukue hiyo kazi, na hapo nadhani baba atapata namna ya kumlinda mtoto wake kweli. Wahenga walishasema mficha uchi hazai, na kwa ugonjwa huu ni kweli kwa maana yake halisi kabisa.

Dokta mume wangu alipata sonona, akaandikiwa dawa inaitwa trazodoni, usingizi umerudi na akili imetulia namshukuru Mungu. Lakini mara 2 usiku uume umesimama kama masaa 2 bila sababu na unamuuma. Anataka kuitupa ile dawa. Nimwache?

Hapana dada, asiitupe, ila na wewe usinyamaze. Leo hii apige simu au aende kwa daktari aliyemwandikia amweleze kama ulivyonieleza mimi. Trazodoni inajulikana kwa hili, haiwapati wengi lakini inajulikana, na zipo nyingine za magonjwa ya akili zenye tabia hiyo, klopromazini, olanzapini, risperidoni, na hata dawa za watoto na watu wazima wenye shida ya kutulia na kuzingatia kama metilifenideti. Baadhi ya dawa za presha na za tezi dume nazo zimo. Daktari ana dawa nyingine nyingi za kumbadilishia. Akiacha ghafla mwenyewe sonona inaweza kurudi kwa kishindo, akiendelea bila kusema ipo siku masaa 2 yatakuwa 10. Simu moja tu inatatua yote mawili. Na kabla hajabadilishiwa, ikitokea tena, masaa 2 muwe mmetoka nyumbani.

Nilianguka na baiskeli, ule mti wa mbele ukanipiga kati ya korodani na haja kubwa. Niliumia siku ile ikapoa. Baada ya siku 3 uume ukawa umesimama nusu, sio mgumu sana, na hauumi, sasa ni siku ya 6. Nimesoma kwamba masaa 36 yakipita ndo basi. Nimekwisha?

Hujaisha kaka, pumua. Wewe una ndugu wa mbali wa hii tunayoizungumza. Kwako mshipa wa kuleta damu umechanika kwa ule mgongano na unamwaga damu moja kwa moja kwenye sponji, yaani damu inaingia nyingi kupita kiasi lakini kutoka inatoka. Kwa hiyo damu iliyomo ndani ni mbichi, ina oksijeni, nyama haifi, ndo maana haiumi na haijakaza. Hii haina ule mbio mbio wa masaa. Ila kuithibitisha huwezi wewe mwenyewe kwa kujishika, daktari atapima kwa altrasaundi inayoonyesha damu inavyotembea, akitaka uhakika zaidi anavuta damu kidogo apime oksijeni yake. Nyingi zinapona zenyewe kwa kusubiri, isipopona kuna wataalamu wanaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa na kuuziba pale palipochanika. Nenda wiki hii. Na ikianza kuuma na kukaza nenda saa hiyo hiyo.

Dokta me swali langu ni hili, naenda hospitali nasema nini? Kuna watu mapokezini, kuna foleni, manesi wengine ni wadogo zangu kabisa. Na ni kweli wanachoma sindano KULE? Bora nife.

Bora usife. Hili swali ndo nililokuwa nalisubiri, kwa sababu nadhani hapa ndo masaa yanapopotea kuliko mahali pengine popote, na nitakueleza kisa kimoja.

Nilikuwa bado mgeni kazini, zamu ya usiku. Kijana mmoja alikuwa amesimama ukutani na koti amelishika mbele kwa mikono miwili, watu wote wamekaa yeye kasimama. Mapokezini alisema tumbo linamuuma. Basi akawekwa kwenye foleni ya matumbo, na usiku ule matumbo yalikuwa mengi, akasimama pale masaa 3. Alipoingia kwangu alifunga mlango kwanza, akahakikisha umefungwa, ndo akaniambia, na hata hapo alianza na "dokta samahani". Nilipomuuliza toka saa ngapi nikapiga hesabu ni masaa 14. Alikuwa amekaa nyumbani masaa 11 akisubiri ishuke, akajaribu tena na tena kufanya mapenzi ili iishe, ambayo haisaidii, inapoteza muda tu na kuongeza maumivu, halafu na yale 3 akayamalizia ukutani kwetu huku mimi nipo mlango wa pili nashona kidole cha mtu.

Kwa hiyo sema hivi, yakariri, au yaandike kwenye simu na umpe mtu wa mapokezi asome: "Uume wangu umesimama toka saa fulani, umegoma kulala, unauma, ni dharura." Maneno hayo yanatosha. Kama unajua jina la prayapizimu litaje. Kama una sikoseli sema, na kila ulichomeza, kuvuta au kuchomwa kitaje, hatuiti polisi, tunataka kujua tunapambana na nini. Kama huyo aliyekupokea haelewi, omba daktari wa zamu, na daktari wa zamu akiwa hajawahi kuiona muombe ampigie daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Hiyo sio jeuri, ni haki yako.

Sasa sindano. Ndiyo, ni kule, sitakudanganya. Kwanza unapewa ganzi kwenye shina, hiyo ndo utaisikia, kama sindano ya ganzi ya jino, halafu baada ya dakika chache kunakufa ganzi. Kisha tunaingiza sindano ubavuni mwa uume, kushoto au kulia, sio juu wala chini maana juu kuna mishipa ya fahamu na chini kuna njia ya mkojo. Sindano ikiingia mrija mmoja damu ya yote 2 inatoka kwa sababu ndani inawasiliana. Tunavuta. Kwa yule kijana bomba la kwanza lilitoka nyeusi, nzito, inavutika taratibu kama oili chafu ya gari, nakumbuka nilikuwa nasikia kwa kidole gumba jinsi bomba linavyokataa. La pili hivyo hivyo. Tukasafisha na maji ya chumvi. La nne likaanza kubadilika rangi, la sita lilikuwa jekundu la damu hai, na uume ukawa unalegea mbele ya macho yetu, na yule kijana ambaye alikuwa amekunja meno toka ameingia akaanza kulia, sio kwa maumivu sasa.

Kama kuvuta peke yake hakutoshi tunachoma mle mle dawa inayoitwa fenilefrini, inaamrisha mishipa ijikaze na damu itoke, inarudiwa kila baada ya dakika chache mpaka kama saa nzima, na muda wote tunakupima presha na mapigo ya moyo kwa sababu dawa inaweza kupandisha presha. Kwa wengi wanaowahi inaishia hapo, unarudi nyumbani au unalazwa usiku mmoja. Mwenye sikoseli anapewa pamoja na hayo maji ya dripu, oksijeni akiihitaji na dawa ya nguvu ya maumivu, pamoja na hayo nasema, sio badala yake, kuna mahali bado mgonjwa anawekewa dripu tu au anasubirishwa aongezewe damu kwanza huku uume umesimama, na hilo linanisikitisha sana kwa sababu dripu peke yake haifungui lile lango. Ikishindikana kabisa ndo operesheni, daktari anatoboa njia ndogo kupitia kichwa cha uume ili damu iliyokwama ipate pa kupitia.

Yule kijana maumivu yaliisha usiku ule ule. Nguvu zake zilirudi nusu. Angekuja masaa 10 kabla naamini zingerudi zote, na kama angesema neno moja tu mapokezini angalau yale 3 yasingepotea. Toka siku ile nikiona mtu amesimama peke yake kwenye foleni ya waliokaa huwa naenda kumuuliza mwenyewe kwa sauti ya chini.

Dokta mimi nilichelewa. Nina miaka 36, nina sikoseli, mwaka jana ilinishika nikakaa nayo siku 2 nyumbani. Wakanitoa damu, wakanifanyia na operesheni, maumivu yakaisha lakini toka hapo haisimami, na naona kama imekuwa fupi na ngumu ngumu ndani. Nina mchumba, harusi ipo karibu, hajui. Nimwambie? Na kuna lolote la kufanya au ndo basi?

Kaka yangu, asante kwa kuandika, najua haikuwa rahisi. Ule ugumu unaousikia ndani ni kovu, sponji iliyokufa imejikunja, na ufupi unatokana na hapo. Vidonge vya nguvu kwenye hali kama yako mara nyingi haviwezi kitu kwa sababu hakuna nyama ya kujaa damu, na wewe una sikoseli, kwa hiyo usimeze chochote kwa kubahatisha. Lakini sio ndo basi. Kipo kipandikizi, vijiti 2 vinavyowekwa kwa operesheni mahali pa ile mirija 2, vipo vya kupinda kwa mkono na vipo vya kupuliza kwa kipampu kidogo kinachokaa kwenye mfuko wa korodani. Kinafanya uume uweze kuingia, kinadumu miaka, na anayekutazama hajui. Kikiwekwa mapema kovu likiwa bado changa kazi ni rahisi na urefu unaokolewa zaidi, kwako mwaka umeshapita kwa hiyo operesheni itakuwa ngumu kidogo ila inafanyika, tafuta daktari bingwa wa mkojo ambaye ameshaziweka nyingi na umuulize ameweka ngapi. Awasiliane na daktari wako wa damu kabla, mwenye sikoseli anaandaliwa kwa namna yake kwa ajili ya usingizi wa operesheni.

Jambo ambalo pengine hujaambiwa, mishipa ya fahamu ya ngozi na ya kichwa cha uume haikupita kwenye ile sponji iliyokufa, kwa hiyo wengi hisia zao na kufika kileleni na mbegu kutoka vinabaki. Jichunguze kwa utulivu bila kujipa presha ya kusimamisha. Kama mbegu zinatoka, mlango wa watoto haujafungwa.

Mchumba mwambie, na mwambie kabla ya harusi. Sio kwa ajili ya kujitoa sadaka, ni kwa sababu huyo ndo mtu utakayeamka naye, na bado una sikoseli, na naye anatakiwa apime damu yake kwa ajili ya watoto maana sikoseli inarithiwa, hayo mazungumzo mngekuwa nayo hata kama hili lisingetokea, basi anza na hapo halafu uingie na hili. Mkiwa tayari nendeni kliniki wote 2. Daktari atawatolea kile kipandikizi cha mfano kutoka kwenye droo, huwa wanacho, mkishike mkononi, ni laini kuliko watu wanavyodhani, na maswali ambayo wewe utaona haya kuyauliza mara nyingi mwanamke ndo anayauliza.